Tundu Lisilo na Kidole

Kambi ya reli, Mlimba
5 Disemba 1971

Dada yangu Mwanamisi,

Shikamoo. Leo ni mwaka mmoja na mwezi mmoja tangu nipande basi pale Soni nikateremka Mombo, nawe ukabaki umemshika Mwanaidi mkono asinifuate. Mimi ni mzima, ila kuchoka. Ile homa imekwisha. Huku bondeni joto halina adabu, mtu anatoka jasho akiwa amekaa. Niambie na ninyi. Mgongo wako unaendeleaje? Ng'ombe amezaa? Kabichi zilipata mnunuzi, au zimeozea njiani kama mwaka ule? Nawe Mwanaidi, unayemsomea shangazi yako barua hii, shikamoo yako ilinifika. Marahaba, mwanangu. Soma taratibu, usiruke maneno.

Sasa neno lenyewe. Mlinieleza kwamba Mwalimu Silvano anaunda bendi ya shule, filimbi za shule ni chache, na mtoto asiye na filimbi yake atatolewa kabla ya Saba Saba. Mkasema Mwanaidi anajifunzia kwenye bua la jani la boga, na kila siku anakata jipya kwa sababu la jana limenyauka. Jambo hilo lilinikaa moyoni. Tangu marehemu mama yake atuache, mtoto huyu hajawahi kuniomba kitu. Na hata hiki hakukiomba yeye, umekisema wewe.

Basi nimepata filimbi. Si mpya. Hapa kambini yupo Kornelio, kijana wa Iringa anayewapikia Wachina. Fundi mmoja wa Kichina alipokuwa anarudi kwao alimwachia filimbi ya mwanzi, nene kama kidole gumba, imefungwa nyuzi nyeusi na kuchongwa maandishi ambayo hata ukiyageuza juu chini ni yale yale. Kornelio hajui kuipiga. Alikuwa anaanikia soksi juu yake. Nilimwuliza anataka nini, akasema fedha kidogo na lile sweta langu. Dada, usikasirike. Najua ulilifuma wewe. Lakini sweta Mlimba ni mzigo tu.

Mwenyewe sikuipuliza. Kornelio aliipuliza mbele yangu, mashavu yakamvimba, kisha akaniinulia kidole gumba. Nikaichukua. Ninampa Abdallah wa Bumbuli, tunayefanya naye kazi, anakuja likizo, atawapitia.

Nina ombi. Mwanaidi akishaipiga, niandikieni inaliaje. Msiseme "vizuri" mkanyamaza. Semeni inalia kama nini.

Ni mimi mdogo wako,
Mbaraka


Soni
18 Januari 1972

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi Mwanaidi ndiye ninayeandika, shangazi anasema na mimi naandika. Anasema marahaba. Anasema mgongo unauma wakati wa kupalilia na unapona wakati wa harusi. Ng'ombe amezaa dume. Kabichi nusu ziliuzwa, nusu tumekula mpaka tumezichukia. Sikukuu ya miaka kumi ya Uhuru watu walikwenda Lushoto, sisi hatukwenda, mvua ilinyesha. Shangazi anakwenda kwenye kisomo cha watu wazima Jumatatu na Alhamisi. Anajua kuandika jina lake, lakini herufi ya M anaipa miguu minne.

(Amesema nifute hilo la miguu. Sikufuta.)

Abdallah alikuja akaleta filimbi. Asante, Baba. Nililala nayo.

Sasa shangazi anasema hivi: "Mwambie baba yako ameuziwa kitu kibovu, na sweta langu limekwenda bure." Kwa sababu filimbi ina tundu moja lisilo na kazi. Lipo la mdomo, yapo sita ya vidole, lakini katikati, kati ya mdomo na vidole, lipo jingine dogo ambalo kidole hakifiki. Na kule mwishoni yapo mengine. Nilipopuliza ulitoka upepo tu, fuu, kama mtu anapoza uji. Nikalia. Mwalimu Silvano akaitazama akasema, "Hii imetobolewa na mdudu." Mimi sikuamini, mdudu gani anatoboa duara?

Shangazi akaipeleka kwa Juma, yule fundi baiskeli wa hapa sokoni. Juma akasema tundu ni tundu, liwe la tairi au la mwanzi. Akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akabandika kiraka cha tyubu. Sasa inalia! Lakini inalia kwa huzuni, kama mtu mwenye mafua. Mwalimu amesema nitabaki kwenye bendi kwa majaribio.

Baba, mbona Mchina aweke tundu lisilo na kidole? Ninalifikiri hata darasani.

Shangazi anauliza, sweta hutakuwa nalo, je, mkipanda milimani kuelekea Makambako utavaa nini?

Mwanaidi kwa niaba ya shangazi, na kwa niaba yangu


Mlimba
27 Februari 1972

Dada, shikamoo. Mwanaidi, hujambo?

Barua yenu ilikaa ofisini, nimeipata majuzi. Nafurahi kwa dume. Kuhusu nguo nitavaa gunia, mkiniona mtadhani ni mahindi. Nimebadilishwa kazi. Sasa sipo tena kwenye shimo la mlimani wanakopiga baruti, nipo kwenye kokoto, kazi ya mabega tu.

Hilo la tundu liliniudhi. Nilimfuata Kornelio nikamwambia, "Umeniuzia filimbi yenye donda." Akaapa kwa mama yake kwamba ilikuwa hivyo hivyo tangu aipate. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, lakini najua kwamba mtu hatoboi shimo bure. Hata panya ana sababu. Basi Jumapili nikaenda kwa Bwana Lu, mzee wa Kichina anayepima njia. Kiswahili chake ni "haraka", "pole pole", "chai" na "rafiki". Kichina changu ni hakuna. Nikakata bua la mtama, nikachora matundu kwa makaa, nikamwekea mkono juu ya lile dogo, nikafanya uso wa kuuliza.

Dada, yule mzee alicheka mpaka akakaa chini. Akaingia hemani akatoka na filimbi yake mwenyewe. Juu ya lile tundu palikuwa na ngozi! Si ngozi ya mnyama. Ni kitu chembamba kuliko ganda la kitunguu, chenye mikunjo midogo, kimebandikwa kwa gundi. Akafungua karatasi akanionyesha nyingine. Akapasua tete akanionyesha zinatoka wapi, ndani kabisa, pale ambapo tete lina utando mweupe. Akanipa moja niwaletee. Niliishika kwa vidole hivi vya kokoto ikawa vumbi. Akanipa ya pili, ikaruka na upepo. Hakunipa ya tatu, alisema "pole pole" akaifunga karatasi yake.

Halafu akapiga. Vijana waliokuwa wanakula waliacha kula. Mmoja alisimama na tonge mkononi. Mbwa wa kambi aliinua kichwa.

Kwa hiyo, Mwanaidi, bandua kiraka cha Juma. Lile tundu ni la ngozi, si la kidole. Kazi yako sasa ni kutafuta hapo Soni kitu chembamba namna hiyo. Wewe una macho, tafuta. Ukikipata, niandikie inaliaje. Usiseme "vizuri".

Mbaraka


Soni
11 Aprili 1972

Kwa Baba,

Shikamoo. Shangazi anasema marahaba, na anasema mimi nimemharibia nyumba.

Kiraka kilitoka kwa maji ya moto. Juma alikasirika, alisema kazi yake haibanduliwi. Nikajaribu ganda la kitunguu, likapasuka. Nikajaribu ngozi ya ndani ya yai, ikanuka siku ya pili, na shangazi akauliza nani anampikia kuku wake mayai kabla hajayalalia. Nikajaribu karatasi ya sigara ya Mzee Hassani wa dukani, ikalia kidogo, halafu ikalowa mate. Nikaenda mtoni kupasua matete, lakini ya huku kwetu utando wake unashikamana, hautoki mzima. Mwalimu akasema, "Mwanaidi, Saba Saba haisubiri utafiti."

Halafu ikawa siku ya kupaka chokaa. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita akasema kila nyumba ipakwe. Shangazi akanipa ufagio nikwangue ukuta wa chumba cha nyuma. Baba, unamjua yule buibui bapa anayekaa ukutani, akikimbia unadhani ni kivuli? Hutengeneza kitambaa cheupe cha duara, kama shilingi, na kukibandika ukutani. Nilikibandua kimoja kwa kisu. Hakikupasuka. Kilikuwa chembamba na kikavu na hakina harufu. Nikakibandika kwa utomvu juu ya tundu.

Baba! Nilipopuliza, filimbi iliita. Si kama mafua tena. Inalia kama nyuki akiwa ndani ya ua la boga, lakini nyuki mwenye wimbo. Ina sauti mbili, moja inakwenda na nyingine inatetemeka nyuma yake. Shangazi aliangusha sufuria. Akasema, "Haya, nani yupo humo ndani?"

Sasa nimemkataza asipake chokaa chumba cha nyuma, kwa sababu ya buibui. Balozi akiuliza tutamwambia chokaa imekwisha. Shangazi anasema tangu azaliwe hajaona nyumba inayofuga buibui.

Lakini Mwalimu Silvano anasema filimbi yangu inapanda juu kuliko za wenzangu, na inazimeza. "Hii haitaki kwenda na wenzake," alisema. Bado anafikiri anifanyeje.

Baba, nina swali. Bwana Lu alipiga mbele yako. Mbona hukuandika ilivyolia? Uliandika mbwa.

(Shangazi nilimsomea hapo. Hakusema nifute.)

Mwanaidi


Soni
24 Aprili 1972

Mbaraka mdogo wangu,

Barua hii nimeandika mwenyewe. Usicheke. Imenichukua siku tatu. Mtoto yuko shule.

Abdallah alipoleta filimbi nilimwuliza hali yako. Akasema mzima. Nikamwuliza tena, akanywa maji. Mtu mwenye neno hunywa maji. Akasema tu, "Mama, yule ukimwita nyuma haitiki."

Nilidhani ni kiburi. Sasa nadhani si kiburi.

Mbaraka, masikio yako yakoje? Nijibu mimi. Sasa najua kusoma. Bahasha andika jina langu, Mwanaidi nimemkataza kufungua.

Mwanamisi


Mlimba
14 Mei 1972

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi. M yako ina miguu mitatu sasa, umeendelea.

Umeuliza, nakujibu. Sikio la kushoto limekufa. Baruti moja ilitangulia kabla hatujafika mbali. Hakuna wa kulaumiwa, mwamba una siku zake. La kulia lina mvumo, kama maporomoko ya Soni ukiyasikia kutoka juu barabarani, mchana na usiku, hayakauki. Mganga wa kambi alisema ngoma ya sikio imechanika. Mtu akinikaribia sana akapaza sauti, napata kidogo. Nilitolewa kwenye shimo kwa sababu king'ora kililia watu wakakimbia, mimi nikabaki ninachimba. Ni Abdallah aliyerudi akanivuta kwa mkanda wa suruali. Mpelekee ndizi.

Ndiyo sababu sikuandika filimbi ya Mchina. Nilimwona akipuliza, nikaona tonge la yule kijana, nikaona mbwa. Mengine yalinipita.

Sikusema kwa kuwa barua zangu anazisoma yeye. Ungemfanya mtoto akusomee kwa sauti kwamba baba yake ni kiziwi? Filimbi nimeinunua mimi, kwa sweta lako, na sitaisikia. Nikifika atapuliza, dada. Atapuliza hata kabla sijaweka mzigo chini, halafu atanitazama usoni. Nifanye nini? Nitikise kichwa kama kondoo? Mtoto aliyekataa maneno ya mwalimu kuhusu mdudu, utamdanganya wewe?

Nimewaambia wasimamizi waniandike kwenye kundi linaloendelea hadi mpakani. Ni mwaka mwingine, labda miwili. Nitaleta fedha, naye atakuwa amekua. Usimwambie.

Nimesema ukweli wote, sasa niache.

Mbaraka


Soni
5 Juni 1972

Kwa Baba,

Shikamoo. Leo shangazi hasemi, ninaandika yangu. Yeye anajua kwamba naandika. Ng'ombe mzima, dume amejifunza kuvunja uzio. Mzee Hassani ameleta mapea.

Shangazi hajaniambia kitu. Barua yako aliisoma jikoni peke yake, kidole kikifuata mstari, akamaliza kuni zote bila kupika. Sijaifungua. Lakini najua, Baba. Kila barua unauliza inaliaje. Mtu anayesikia haulizi mara mbili.

Basi nikafikiri kama nilivyolifikiri lile tundu. Nilimziba shangazi masikio kwa bada, ule ugali wa muhogo, tukafunga na kanga juu yake. Nikapiga. Akasema, "Umeanza?" Nikampa ashike filimbi kwa mkono, akasema inawasha kama mdudu anatembea. Nikamwekea mwisho wa filimbi kidevuni, akakodoa macho. Halafu nikamwambia aume. Aume kwa meno, ule mwisho wenye matundu mengine, na mimi napuliza huku. Alikataa, akasema yeye si punda. Kisha akauma. Baba, aliachama filimbi ikaanguka. Akasema, "Imo kichwani! Imeingiaje?" Akauma tena mwenyewe, akataka wimbo mzima.

Tulijaribu na kiraka badala ya utando wa buibui. Haikuingia vizuri. Ni ule utando unaotetemesha. Kwa hiyo lile tundu lisilo na kidole ndilo lako.

Mwalimu Silvano ameamua. Saba Saba tukiingia uwanjani Lushoto, bendi itanyamaza, nitatangulia mimi peke yangu na ngoma moja, nikimaliza ndipo wenzangu waanze. Amesema filimbi isiyotaka kwenda na wenzake basi itangulie.

Usiposikia uwanjani, nitakupigia nyumbani. Meno unayo?

Mwanaidi


Mlimba
18 Juni 1972

Mwanangu Mwanaidi, na dada Mwanamisi. Dada, shikamoo.

Meno ninayo, limepungua moja la nyuma.

Barua ilifika Ijumaa. Leo asubuhi nilikwenda kwa Bwana Lu. Nilimwonyesha kwa mikono: wewe puliza, mimi niume. Alidhani nimeshikwa na homa. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akaniletea chai. Nikanywa chai, nikaonyesha tena. Kornelio alikuwapo, amevaa sweta letu katika joto hili, mjinga yule, anasema ni la heshima. Akasema nami karibu na sikio, "Mbaraka, ukiivunja ya huyu mzee wataturudisha sote kwa miguu." Mwisho Bwana Lu akaifuta filimbi yake kwa leso, akanipa ule mwisho mwingine, akapuliza taratibu.

Uliniambia niseme inalia kama nini, au mimi ndiye niliyekuambia. Nisikilize basi. Si kama zamani. Ni kama mtu anaongea chumba cha pili, maneno huyapati, lakini unamjua ni nani. Kisha yule nyuki wako akaja, akatembea kwenye taya, akapanda mpaka juu ya jicho. Maporomoko yale ya sikioni yakamwachia njia. Nililia, na mzee akaacha kupiga, akaniuliza "pole pole?" Nikamwambia, "Haraka, rafiki. Endelea."

Jina langu nimelitoa kwenye kundi la mpakani. Msimamizi aliniuliza sababu. Nilimwambia nina miadi na mtoto wangu Saba Saba, akaandika "ugonjwa wa nyumbani", na mimi sikumsahihisha.

Chumba cha nyuma msikipake chokaa. Balozi nitamjibu mimi, akisema sana sitamsikia.

Dada, usiniite kutoka ng'ambo ya barabara. Njoo unishike mkono, kama ulivyomshika Mwanaidi siku ile. Natoka hapa mwisho wa mwezi, na mvua isipokata barabara ya Mombo, nategemea kushuka basi pale Soni Jumanne, tarehe nne Julai, mchana.

Mbaraka